Siku Miguu ya Mwalimu Breki Ilipogoma

Katika shule ile ya udereva walikuwapo walimu wapole na walimu wakali, lakini aliyejulikana mpaka mitaa ya jirani ni mmoja tu, Mwalimu Breki. Mwanafunzi mpya akiingia kwenye gari lake siku ya kwanza, hakuambiwa washa, tia gia, twende. Aliambiwa: "Hapa hatujifunzi kwenda. Hata jiwe linakwenda, ukilisukuma mlimani. Hapa tunajifunza kusimama." Basi siku nzima ile mwanafunzi aliondoka na kusimama, akaondoka na kusimama, mpaka shingo ikamuuma.

Alikuwa mtu mfupi wa kifua kipana, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama wembe, maana mkewe alikuwa fundi cherehani na hakukubali mumewe atoke nyumbani akiwa kama nguo ya jana. Maisha yake mengi aliyamaliza kwenye kiti cha abiria cha gari lenye herufi L kubwa juu ya paa, mguu wa kulia ukikaa juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu. Alikuwa amewafundisha wauguzi, mapadri, wauza samaki, na binti yake mwenyewe, ambaye sasa aliendesha lori la mizigo na kulala safarini zaidi kuliko nyumbani.

Kansa ilimkuta kazini hapo hapo. Ilianza kwa mkojo. Alikuwa akisimamisha masomo kila mara, anashuka, anaingia choo cha kituo cha mafuta, anasimama humo weee, anatoka na matone tu na hasira nyingi. Akasema ni uzee. Mkewe akasema uzee haumfanyi mtu akunje uso hivyo chooni, nenda kapime. Alipokwenda, daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, na hakumficha: ni saratani ya tezi dume, na imeshatoka kwenye tezi ikaingia mifupani. Haitaondoka. Lakini zipo sindano za kuinyima homoni inayoilisha, na kwa sindano hizo mtu anaweza kuishi, akafanya kazi, akala, akacheka, kwa muda ambao hakuna anayeweza kuutaja.

"Yaani tunaikatia mafuta," alisema Mwalimu Breki.

"Ndivyo hasa, mzee."

"Basi ikatie, mwanangu. Mimi nina wanafunzi nje."

Kilichomkera si ugonjwa tu, ni jinsi watu walivyoutaja. Shemeji yake aliuita "lile tumbo lako". Mwenye shule aliuita "hali yako". Rafiki yake wa miaka nenda rudi, fundi magari wa gereji iliyotazamana na shule, ambaye kila mtu alimwita Spana, hakuuita chochote. Alitazama chini na kufuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Sema kansa," Mwalimu Breki alimwambia mbele ya mafundi wote. "Haiumi mdomo. Nina kansa ya tezi dume. Haya, na wewe sema."

"Una makelele, wewe," alijibu Spana, akajitupa chini ya gari asionekane.

Sindano zilifanya kazi. Mkojo ukafunguka, maumivu yakapungua. Zilileta na mambo yake. Mwili ulianza kumwaka moto ghafla, jasho likamtiririka kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Siku ya kwanza ilimtokea akiwa mezani. Mkewe alimtazama, akaacha kula, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unacheka nini? Mwenzio naungua!"

"Karibu chamani, baba watoto," alisema mkewe, akampa pepeo lake. "Mimi niliungua miaka yote ile, ukanifungia dirisha eti baridi."

Wakalifungua dirisha, na tangu siku hiyo halikufungwa. Lipo jambo jingine pia ambalo sindano zilichukua, lile la mume na mke, na hilo hawakulichekea. Mwalimu Breki alinuna kwa wiki kadhaa, akawa anageukia ukutani. Siku moja mkewe aliacha cherehani katikati ya mshono, akaja akaketi kando yake kwenye kochi, akauchukua mkono wake akauweka mapajani. "Mimi sikuolewa na sindano," alisema. "Sogea huku." Akasogea. Hayo yakaishia hapo, na wakawa wanaketi hivyo kila alasiri, bega kwa bega, hata wageni walipokuja.

Mwaka wa pili, mgongo ulianza. Maumivu yalikaa katikati, usawa wa mbavu, nayo hayakuwa ya kawaida. Mgongo wa kazi humtesa mtu akiwa kazini, ukapoa akilala. Huu ulizidi pale alipojilaza. Akikohoa, ulimchoma. Kisha maumivu yakaja kama mkanda uliombana kuanzia mgongoni hadi kifuani. Mwalimu Breki alilaumu kiti cha gari. Akampelekea Spana, kiti kikabadilishwa. Akalaumu kiti kipya. Akaweka mto. Akalaumu mto.

Mkewe ndiye aliyekumbuka. "Daktari alisema nini? Mgongo unaozidi ukilala, mkanda wa kubana kifua, miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kugoma au kujitokea wenyewe. Alisema lolote katika hayo usisubiri kliniki, njoo siku hiyo hiyo."

"Miguu yangu iko wapi? Si hii hapa? Imelegea?" Akasimama, akapiga mguu sakafuni kama askari. "Kliniki ni wiki ijayo. Nitasema huko."

"Mbishi wewe."

"Ubishi ndio umenifikisha hapa, mama watoto."

Mwanafunzi wa asubuhi iliyofuata alikuwa mama mmoja mpishi wa bweni la wanafunzi, mtu wa makamo, mwoga wa kupindukia, aliyeshika usukani kama anayeshika sufuria la moto. Alikuwa amekaribia mtihani. Walikuwa kwenye barabara ya maghala, hakuna magari mengi, na mbele yao mkokoteni ukajitokeza kwenye uchochoro. Mama mpishi aliganda. Mwalimu Breki akafanya alichokifanya maelfu ya mara bila kufikiri: akakanyaga breki ya pili.

Mguu haukwenda.

Aliuona pale ulipo, kiatu chake kilichong'arishwa, soksi yake ya kijivu. Akauamuru tena. Ulitikisika kidogo kama wa mtu aliye usingizini. "Breki, mama! Breki!" alipiga ukelele, na yule mama, kwa bahati njema na kwa kufundishwa kusimama kabla ya kwenda, akakanyaga mpaka mwisho. Gari likasimama hatua chache kutoka kwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni akawatukana kwa utulivu, akapita zake.

"Nisamehe, mwalimu," mama mpishi alianza kulia.

Mwalimu Breki hakumsikia. Alikuwa anajifinya paja kwa vidole. Alihisi vidole, hakuhisi finyo. Mguu wa kushoto nao ulikuwa mzito, kama wa kuazima. Kisha akakumbuka kwamba tangu alfajiri hakuwa amekojoa, na kwamba alikuwa ameifurahia hali hiyo, akidhani ni nafuu. Jasho likamtoka, na safari hii halikuwa la sindano.

Watu wengine wangesema acha nipumzike kidogo, itapita. Yeye alikuwa ameshapoteza wiki kwa kugombana na viti, na alijua hivyo. Alimpigia mkewe simu, akamwambia maneno machache: "Miguu imegoma. Nakwenda hospitali sasa hivi. Tukutane huko." Kisha akageuka.

"Mama, futa machozi. Nipeleke hospitali kuu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

"Mwalimu, sijawahi kuingia mzunguko wa sokoni! Na wewe huwezi kufunga breki!"

"Ndiyo. Breki ni ya kwako peke yako leo. Kioo. Indiketa. Twende."

Safari ile mama mpishi aliisimulia baadaye mpaka watu wakaikariri. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, mikono imeshika kiti ili asiporomoke, uso umepauka, na bado anafundisha. Penye mzunguko wa sokoni, malori yalimpigia honi mama wa watu mpaka akataka kushuka akimbie. "Usimtazame anayepiga honi," alisema Mwalimu Breki. "Honi haina tairi. Tazama nafasi. Hiyo hapo. Ingia!" Akaingia. Penye mwinuko wa kwenda hospitali gari lilizimika, likaanza kurudi nyuma. "Breki ya mkono. Washa. Gia ya kwanza. Klachi polepole, kama unaonja chumvi." Likapanda.

Kwenye lango la wagonjwa wa dharura, mama mpishi alizima gari akabaki ameshika usukani.

"Umefaulu," Mwalimu Breki alimwambia. "Wa mtihani watajijua wenyewe. Sasa kaite watu, mimi siwezi kushuka."

Walimwingiza kwa kiti cha magurudumu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kijana wa mapokezi, aliyekuwa na watu wengi wa kuwahudumia, aliinama kwa heshima akauliza kwa sauti ya chini, "Tatizo ni nini, mzee?"

Mwalimu Breki akavuta pumzi, akajibu kwa sauti yake ya barabarani: "Nina kansa ya tezi dume, imeingia mifupani. Mgongo unanibana kama mkanda. Miguu imekufa ganzi asubuhi hii. Na mkojo umekataa. Daktari wangu alisema nikiona hivi nisisubiri hata siku moja, na mimi sisubiri."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Lakini muuguzi aliyekuwa akipita na trei aliiweka trei chini pale pale.

"Miguu tangu lini, baba?"

"Gari nimeliingia mwenyewe kwa miguu yangu."

"Leo hii?"

"Leo hii."

"Basi tusikuketishe hivyo," alisema muuguzi, akaita kitanda. Walimlaza chali, sawasawa, wakamkataza kujiinua. Mkewe alipofika, akiwa bado na utepe wa kupimia nguo shingoni, alikuta mumewe ameshawekewa mpira wa mkojo na mfuko unajaa. Alitaka kumwambia nilikwambia. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza, akamshika sikio tu, kama anavyoshikwa mtoto mtundu.

Daktari wake alishuka baada ya picha ya mgongo kupigwa. Alieleza bila kuzunguka: uvimbe uliokuwa kwenye mfupa wa mgongo ulikuwa unaubana uti wa mgongo, unaopeleka amri miguuni, na ukiachwa, miguu hairudi tena. Wataanza dawa kali ya kushusha uvimbe sasa, na mionzi mara moja.

"Nitatembea?"

"Sijui, mzee. Ungekuja kesho kutwa ningekwambia hapana. Leo nasema tunapigana."

"Hilo neno nalitaka mimi," alisema Mwalimu Breki.

Binti yake alifika na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Aliposimama kando ya kitanda akamwona baba yake amelala kama gogo, akaanza kujifuta macho.

"Umeegesha wapi lile dubwana lako?" baba alimwuliza.

"Langoni, baba."

"Langoni pa hospitali! Nani aliyekufundisha? Nenda kaliondoe, ndipo uje ulie." Binti akacheka na kulia kwa pamoja, akaenda akaliondoa lori.

Aliyemuudhi ni mdogo wake wa kiume. Huyo alisimama miguuni pa kitanda na ndugu wawili, wakanong'ona kwamba mzee amechoka, hayo mamionzi ni kumtesa bure, afadhali arudishwe nyumbani apumzike na kusubiri.

"Mdogo wangu," Mwalimu Breki alisema huku amefumba macho, "miguu ndiyo iliyolala. Masikio hayajalala. Siku nikichoka, mtasikia kutoka kinywani mwangu, na nitasema kwa sauti. Leo sijachoka. Toka hapo unanizibia hewa."

Akapigwa mionzi. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika, na hizo ndizo zilizokuwa mbaya. Alitazama vidole vyake vya miguu kwa hasira, akiviamuru, navyo vikimpuuza. Maumivu yalimkaba, lakini dawa ya maji ya mofini aliikataa. Alisema hiyo ni dawa ya wanaoaga.

Daktari akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Nani kakwambia? Hii ni dawa ya wanaotaka kukaa na watu wao bila kusaga meno. Ukiwa na maumivu hivyo huli, hulali, na huwezi kufanya mazoezi. Sasa nani anayefaidika, wewe au ugonjwa?"

Alifikiri. Akafungua kinywa kama mtoto. Kesho yake alikula bakuli zima la uji, akaomba jingine. Tumbo nalo likafunga, kama walivyomwonya, akapewa dawa ya kulainisha choo aiandamanishe na mofini kila siku. Ilipofanya kazi alitangaza wodi nzima, na wazee waliolala vitanda vya jirani wakampigia makofi.

Kisha kidole gumba cha kulia kilicheza. Mkewe ndiye aliyekiona. Alikishika, akakilazia shavu.

Alijifunza kutembea upya kwa fremu ya chuma, mtaalamu wa mazoezi akimshika kiunoni. Alimtukana mtaalamu, akaitukana fremu, akaitukana sakafu, akaenda. Alirudi nyumbani akitembea kwa fremu, kisha kwa mkongojo. Mguu wa kulia ulibaki mvivu, haukurudi wote. Breki hakuikanyaga tena, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Mpira wa mkojo ulibaki pia. Mkewe alifumua suruali zake zote, akashona mfuko wa ndani kwenye mguu wa kushoto mahali pa kuweka ule mfuko wa mkojo, na kishikizo kidogo cha kuufikia. Ukimtazama usingejua. Yeye mwenyewe alikuonyesha, hata kama hukuuliza.

Mwenye shule alipanga sherehe ya kumuaga. Walimu walivaa vizuri, mafundi wa gereji wakavuka barabara, mama mpishi akaja na leseni yake mpya mkononi. Hotuba zilisomwa kwa sauti za msibani. Kisha akakabidhiwa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Akaifungua. Ilikuwa saa ya ukutani.

Mwalimu Breki akaitazama, akawatazama.

"Saa?" alisema. "Mnataka nikae nyumbani nihesabu?"

Hakuna aliyejua acheke au alie. Mama mpishi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, mpaka mwenye shule mwenyewe akafuta macho.

"Nimeshukuru, itundikeni darasani, wanafunzi wenu wanachelewa," aliendelea. "Mimi siwaagi. Gari nimeliacha, mdomo ninao. Jumatatu nafundisha alama na sheria za barabarani. Na kwa kuwa mmekusanyika wanaume wengi hivi, hamtoki mpaka niseme langu." Akaegemea mkongojo. "Mnaosimama chooni mkisubiri matone, mnaoamka kila saa kwenda kukojoa, mnaoona damu mkajifanya hamkuona, nawajua. Nilikuwa mmoja wenu. Si lazima iwe kansa, lakini nendeni mkapimwe. Na ambaye ameshaambiwa anayo, kama mimi, asilaumu kiti. Mgongo ukimuuma akilala, miguu ikilegea, aende siku hiyo hiyo. Mimi nimesimama hapa kwa sababu mama huyu aliogopa kila kitu na bado akaendesha."

Spana alikuwa amesimama nyuma kabisa. Watu walipoanza kutawanyika alimfuata Mwalimu Breki hadi kwenye ngazi.

"Hiyo kansa yako," alisema, na hilo neno lilimtoka kwa mbinde. "Ulipopimwa mara ya kwanza, walikufanyaje?"

"Damu. Na kidole, kwa nyuma, daktari aipapase tezi. Dakika moja, unafikiria mambo mengine."

"Kidole?"

"Spana, umejilaza chini ya magari ya watu maisha yako yote, unaogopa kidole?"

Spana alikwenda, na majibu aliyopewa ni yake mwenyewe kuyasimulia.

Ugonjwa haukuondoka. Zipo siku uchovu unamshika asiweze kujaza kikombe, damu yake imepungua, na anapelekwa kuongezewa. Dawa ya maumivu imepandishwa mara kadhaa. Amekwishamwambia binti yake na mkewe, mchana kweupe, wakiwa watatu kwenye kochi, anavyotaka siku yake itakapofika: nyumbani, dirisha wazi, dawa za maumivu zisikosekane, na mdogo wake asinong'one.

Lakini Jumatatu ile aliyoisema alikuwa darasani, kwenye kiti kirefu kando ya ubao, shati limepigwa pasi. Kijana mmoja mgeni aliutazama mkongojo na mguu, akanyoosha mkono kwa haya.

"Samahani, mwalimu, wewe unaumwa nini?"

"Kansa ya tezi dume," alijibu Mwalimu Breki. "Na wewe una mtihani Alhamisi. Tuanze na lako."